Wadudu wa Maua ya Barza: Anza na Sabuni, Acha Utupa

Majani ya ua lako yameanza kujikunja. Ncha changa zinanata ukizishika, sakafu ya barza chini ya bidoni ina matone yanayong'aa, na sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina mchana kutwa. Jirani akipita hakosi ushauri: mwagia mafuta ya taa, mwagia javeli, au tafuta majani ya utupa uyatwange. Usifanye hata moja kati ya hayo. Mafuta ya taa na javeli vitaunguza ua kabla ya kuua mdudu, na utupa una habari yake ndefu ambayo tutaifikia.

Haya ni maelekezo kwa mwenye mimea michache nyumbani: maua ya barzani na dirishani, mche wa pilipili ndani ya bidoni la njano lililokatwa katikati, nyanya kwenye sufuria iliyotoboka, lengalenga kidogo kando ya jiko. Hapa Kinkondja, katika bonde la Upemba, nyumba nyingi zina kitu cha namna hiyo, na karibu dawa zote zinazofaa ziko tayari jikoni. Kinachokosekana mara nyingi ni kumtambua mdudu kwanza, halafu subira ya kurudia kazi.

Geuza jani kwanza

Wadudu wengi wa mimea ya kopo hukaa upande wa chini wa jani, ambako jua na mvua haviwafikii. Anayetazama jani kwa juu tu huona madoa na mikunjo lakini mwenye kosa hamwoni. Toka asubuhi, shika jani, ligeuze, lielekeze kwenye mwanga. Angalia hasa pale jani linapoungana na shina, na kwenye vichipukizi.

Ukiona kundi la vijidudu laini, vya kijani au vyeusi, vimejazana kwenye ncha changa, hao ni vidukari. Wananyonya utomvu. Wingi wao hushtua kwa sababu kidukari jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto hai, na katika joto kama la kwetu mtoto huwa mzazi ndani ya wiki moja hivi. Uliona wanne Jumapili. Jumapili ifuatayo usishangae ukikosa pa kuweka kidole. Yale matone ya sakafuni ni sukari wanayoitoa baada ya kunyonya. Ikikaa juu ya majani huota ukungu mweusi kama masizi, na wengi hudhani huo ukungu ndio ugonjwa wenyewe. Ukungu huo unafutika kwa kitambaa chenye maji. Ukiacha vidukari, ukungu utarudi.

Sisimizi hawali ua. Wanafuata ile sukari, na kwa ajili yake huwalinda vidukari, huwafukuza wadudu wanaowala, na wakati mwingine huwabeba kutoka shina moja kwenda jingine. Kwa hiyo msururu wa sisimizi kwenye shina ni taarifa: huko juu kuna vidukari, vidung'ata au magamba.

Vidung'ata unawatambua kwa pamba nyeupe kwenye makwapa ya majani. Ukiigusa kwa kijiti, ndani yake kuna mdudu wa duara, laini, wa rangi ya waridi au ya kijivu. Magamba ni vinundu vya kahawia vilivyobandika kwenye shina na kwenye mshipa wa katikati wa jani. Ukikikwangua kimoja kwa ukucha kinabanduka, na hapo ndipo unajua kwamba si sehemu ya mmea. Inzi weupe ndio rahisi kuliko wote: tikisa tawi, wingu dogo jeupe linaruka, linazunguka, linarudi kutua palepale.

Utitiri mwekundu unahitaji jicho zaidi, maana mmoja ni mdogo kuliko nukta ya kalamu. Jani huanza kupauka kwa vijidoa vidogo sana vya manjano, kisha huwa kama limepakwa vumbi ambalo halifutiki, na mwishowe utando mwembamba huonekana kati ya majani. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, ishike chini ya tawi, pigapiga tawi kwa kidole. Vumbi litaanguka. Subiri kidogo. Vumbi likianza kutembea, una utitiri. Pitisha kidole juu ya karatasi. Ukiona mstari mwembamba wa rangi ya kutu, hakuna shaka tena. Huu ni mdudu wa kiangazi. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, hewa inapokauka na vumbi la barabara kutanda juu ya kila kitu, utitiri huzaana kwa kasi. Mvua za mwezi wa kumi zikianza, hupungua wenyewe kwenye mimea ya nje. Mmea wa barzani, ambao mvua haiufikii, haupati msaada huo.

Kuna pia vile vijinzi vyeusi vinavyoruka kutoka kwenye udongo kila ukimwagilia. Hivyo ni vya masika na vya watu wanaopenda kumwagilia. Watoto wao huishi kwenye udongo uliolowa na kula uozo na mizizi midogo. Hapa dawa ya kwanza ni kuweka kopo la maji chini na kuacha udongo ukauke kina cha kidole kimoja kabla ya kumwagilia tena. Mwaga mchanga mkavu wa mtoni juu ya udongo, unene wa vidole viwili, na wengi watakosa pa kutagia.

Kabla ya kulaumu mdudu

Mji wa samaki kama wetu una tatizo lake. Maji yaliyooshea samaki wabichi humwagwa kwenye mimea kama mbolea, na ni kweli mmea hupata nguvu. Ukizidisha, mmea hutoa majani mengi, laini, yenye maji mengi, na majani ya namna hiyo ndiyo vidukari wanayatafuta. Mara moja moja, tena kwa kuyazimua na maji safi, yanatosha.

Maji ya samaki wa chumvi ni habari nyingine kabisa. Hayo yasikaribie kopo la ua hata kidogo. Chumvi hubaki kwenye udongo wa kopo kwa kuwa haina pa kwenda. Ncha za majani hukauka na kuwa kahawia, mmea hunyauka huku udongo wake umelowa, na mwenye mmea hutafuta mdudu ambaye hayupo. Ikiwa hilo limeshatokea, toboa kopo vizuri chini, mwagia maji safi mengi mpaka yatoke kwa wingi, rudia kesho yake. Au badilisha udongo.

Maji, kisha sabuni

Sasa dawa. Nitaanza na ile ambayo watu huidharau: maji matupu. Mmea unaobebeka upeleke uani, uinamishe, shika udongo kwa mkono mmoja usimwagike, kisha mwagia upande wa chini wa majani kwa nguvu kutoka kwenye kopo au bidoni lililotobolewa kifuniko. Kidukari aliyeng'olewa kwa maji mara nyingi mdomo wake umeharibika, na kurudi juu ya mmea ni safari asiyoiweza. Utitiri nao hauvumilii majani yaliyoloa na kuoshwa vumbi. Kwa mmea ambao wadudu wameanza juzi, kuosha kila siku ya pili kwa wiki moja kunaweza kumaliza kazi yote, na hujatumia hata franga.

Wasipokwisha, chukua sabuni. Sabuni ya kipande ya kawaida, ile ya mawese isiyo na manukato mengi, ndiyo bora. Iparue kwa kisu mpaka upate kijiko kimoja cha supu, bila kulundika. Iyeyushe kwenye maji ya moto kidogo, kisha ongeza maji baridi hadi ifike lita moja. Mwenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo atumie kijiko kimoja cha chai kwa lita. Sabuni ya unga ya kufulia usiitumie: ina vitu vingine vya kung'arisha nguo ambavyo huunguza majani.

Sabuni huua kwa kugusa. Huyeyusha nta inayofunika mwili laini wa mdudu, maji yake ya ndani hutoka, naye hukauka. Hii ndiyo sababu ya masharti matatu ambayo watu huyavunja kisha wakasema sabuni haifanyi kazi. Sharti la kwanza, dawa imguse mdudu mwenyewe. Kunyunyiza juu ya jani huku mdudu yuko chini yake ni kuoga ukiwa na nguo. Sharti la pili, ibaki majimaji kwa muda, kwa hiyo nyunyiza jioni jua likishapungua au asubuhi na mapema. Jua la saa sita hukausha dawa kabla haijafanya kazi, tena huunguza jani lililoloa sabuni. La tatu, rudia. Sabuni haiui mayai vizuri, na ikishakauka haina nguvu tena. Nyunyiza leo, baada ya siku tano au sita, na tena baada ya siku tano au sita nyingine. Mara hizo tatu ndizo zinazowakuta walioanguliwa kabla hawajazaa. Anayenyunyiza mara moja na kuona wadudu wamekufa, akafurahi, akaacha, wiki mbili baadaye yuko pale alipoanzia.

Jaribu kwanza kwenye jani moja na usubiri mpaka kesho. Majani yenye manyoya laini na mimea ya jamii ya kangaga huumizwa na sabuni kwa urahisi, na mmea uliokwisha kunyauka kwa kiu uupe maji kwanza, dawa kesho. Saa chache baada ya kunyunyiza, suuza majani kwa maji safi. Pilipili, nyanya au lengalenga zioshe kabla ya kuzipika, ingawa hilo ungelifanya hata bila sabuni.

Huna bomba la kunyunyizia? Chupa ya plastiki ya maji ya lita moja na nusu inatosha. Toboa kifuniko matundu madogo kwa sindano iliyopashwa moto, jaza, funga, binya. Kwa mmea mdogo kitambaa laini kilicholoweshwa ndani ya dawa ni bora hata kuliko chupa, kwa kuwa unafuta jani moja moja juu na chini, na unaona unachokifanya.

Mafuta ya kupikia yanaongeza nguvu, hasa dhidi ya utitiri na magamba ambao sabuni peke yake huwashinda kwa shida. Mafuta hufunika matundu ya kupumulia ya mdudu na pia huziba mayai. Tia kijiko kimoja cha supu cha mafuta mepesi, ya karanga au ya alizeti, ndani ya ile lita ya maji ya sabuni, tikisa sana, na uendelee kutikisa wakati wa kunyunyiza maana mafuta hupanda juu. Mawese hayafai hapa. Ni mazito, huganda usiku wa baridi wa kiangazi, na jani lililopakwa mawese hubaki na utando ambao huwezi kuusafisha.

Pamba na lutuku

Vidung'ata na magamba wana silaha: nta nyeupe kwa mmoja, gamba gumu kwa mwingine. Maji ya sabuni huteleza juu yao. Hapa inatakiwa kazi ya mkono. Funga pamba kidogo kwenye ncha ya kijiti, chovya kwenye pombe kali, mguse mdudu mmoja mmoja. Alkoholi ya dawa, ile ya asilimia 70 inayouzwa famasi, ndiyo yenye uhakika. Asiye nayo anaweza kujaribu lutuku, pombe kali ya kienyeji, lakini ajue kwamba nguvu ya lutuku hutegemea aliyeipika na ni mtungo wa ngapi. Ile ya kwanza kutoka ndiyo kali. Nta nyeupe ikiyeyuka palepale na mdudu akageuka rangi, inatosha. Isipoyeyuka, warudishie wazee lutuku yao.

Gusa mdudu, si jani zima. Alkoholi hukausha jani. Kwa magamba, baada ya kugusa subiri dakika chache halafu yakwangue kwa mswaki wa zamani. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu inafaa kuwakamata wakiwa kumi badala ya mia. Angalia pia chini ya ukingo wa kopo na kwenye mashimo ya kutolea maji. Vidung'ata hupenda kujificha huko, na mtu husafisha mmea mzima akaacha familia nzima chini.

Vilivyobaki jikoni

Pilipili na kitunguu saumu vimepata sifa kubwa kuliko zinavyostahili, ingawa si bure. Harufu na ukali wake hufukuza zaidi ya kuua: huwazuia viwavi na panzi kula, huwasumbua inzi weupe wanaotafuta pa kutua. Twanga kichwa kimoja cha kitunguu saumu na pilipili kali kiasi cha konzi ndogo, loweka katika lita moja ya maji usiku mzima, chuja kwa kipande cha chandarua kilichochakaa kilichokunjwa mara mbili, kisha ongeza sabuni ileile kijiko kimoja ili dawa ishike kwenye jani. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Usisimame upande upepo unakoelekea, na usimpe mtoto chupa hiyo. Inadumu siku moja au mbili tu, na mvua ikinyesha imekwisha.

Majivu ya kuni au ya makala yanafaa kwa viwavi na konokono. Nyunyizia asubuhi majani yakiwa na umande, au zungushia duara chini ya shina. Yakinyeshewa hayana kazi tena, kwa hiyo ni dawa ya kiangazi. Yasiwe mengi, kwa sababu majivu hubadilisha udongo wa kopo dogo upesi na mmea ukaanza kuwa wa manjano. Na yawe majivu ya kuni kweli. Ya jikoni palipochomwa mifuko ya plastiki yatupe.

Kwa inzi weupe na vile vijinzi vyeusi kuna mtego ambao hauna gharama. Wadudu hawa huvutwa na rangi ya njano, na bidoni za njano za mafuta ya kupikia zimejaa kila lupango. Kata kipande ukubwa wa kiganja, kipake mawese au vaselini, kitundike juu kidogo ya mmea. Baada ya siku mbili kitakuwa na madoadoa. Kifute, kipake tena. Mtego hauwamalizi, lakini hupunguza wanaotaga, na pia hukuonyesha kama wanapungua au wanaongezeka. Inzi weupe ni wa kuchukulia kwa uzito zaidi kuliko ukubwa wao: ndio wanaosambaza ugonjwa wa mihogo unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano, kwa hiyo kopo la nyanya lenye wingu la inzi weupe lisikae karibu na sombe yako.

Sisimizi wazuiwe njia. Weka kopo la ua juu ya tofali lililo katikati ya beseni la maji, au paka mduara wa vaselini kwenye shina. Beseni hilo libadilishe maji kila baada ya siku mbili tatu, na visahani vilivyo chini ya makopo mengine pia vimwage. Sisi tunaoishi kati ya Lualaba na mabwawa ya mafunjo tuna mbu wa kutosha bila kuwafugia wengine barzani.

Utupa

Kila mzee wa bonde la Upemba anaujua mmea huu: kichaka chenye majani ya kijivu laini, maua ya zambarau au meupe, maganda yenye manyoya. Jina lake la kitaalamu ni Tephrosia vogelii. Majani yake yakitwangwa na kutiwa majini, samaki hupanda juu wakiwa wamelewa. Kemikali zinazofanya hivyo ni rotenoni na ndugu zake. Huzuia seli za mwili kutumia hewa ya oksijeni. Samaki huipata moja kwa moja kupitia matamvua, ndiyo maana kiasi kidogo humaliza samaki wengi, wakubwa na wachanga pamoja.

Rotenoni huua wadudu pia, hilo ni kweli, na katika nchi nyingi za Afrika wakulima hutumia utupa kwenye kunde shambani na ghalani. Kwa mkulima wa mlimani aliye mbali na maji, kuna hoja. Kwa ua la barza la Kinkondja, sioni hoja yoyote. Ndoo ya utupa lazima isuuzwe mahali, na hapa kwetu maji yote, ya mfereji, ya uani, ya masika, mwisho wake ni mtoni na ziwani Kisale. Mji huu unakula, unavaa na unasomesha watoto kwa samaki. Kuhatarisha samaki wachanga kwa sababu ya vidukari wa ua moja ni hesabu mbaya, hasa wakati kipande cha sabuni kinafanya kazi ileile.

Tena watu hujidanganya kwamba kitu cha porini hakiwezi kumdhuru mtu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2011 juu ya watu waliokuwa wakipiga dawa mashambani ulikuta kwamba waliotumia rotenoni walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu hivi wa kuwa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo, kuliko wenzao wasioitumia. Tumbako nayo iweke kwenye fungu hilohilo. Maji yaliyolowekewa tumbako huua vidukari upesi kwa sababu ya nikotini, lakini nikotini hupita kwenye ngozi ya mkono wa anayekamua, na mtoto akinywa kidogo tu kwa kudhani ni chai, hiyo ni sumu ya kufisha. Isitoshe, majani ya tumbako yanaweza kubeba ugonjwa wa virusi unaoshambulia nyanya na pilipili, kwa hiyo unaweza kuponya mche wa vidukari na kuupa ugonjwa usio na dawa.

Na zile chupa ndogo sokoni zisizo na karatasi ya maelezo, zinazouzwa kama dawa ya kila mdudu, ziache hukohuko. Usichojua jina lake huwezi kujua kipimo chake.

Wasaidizi usiowalipa

Kabla ya kunyunyiza chochote, angalia nani mwingine yuko kwenye mmea. Wale wadudu wadogo wa mviringo wenye mgongo mwekundu au wa chungwa na madoa meusi hula vidukari, na watoto wao, ambao wanafanana na mamba wadogo weusi, hula zaidi ya wazazi. Watu huwaua hao watoto kwa sababu ya sura yao. Buibui wa pembeni mwa dirisha na mjusi kafiri wa ukutani waache. Ukiona kidukari aliyevimba, mkavu, wa rangi ya kahawia, mwenye tundu dogo mgongoni, basi nyigu mdogo kuliko mbu alitaga yai ndani yake na mtoto wa nyigu ameshatoka. Mmea wenye wengi wa namna hiyo usiutie dawa. Osha kwa maji tu na ungoje.

Nchi hii ina ushahidi mkubwa wa nguvu ya wasaidizi hawa. Mnamo 1973 vidung'ata wa mihogo, mdudu ambaye hakuwa wa Afrika, walionekana kwa mara ya kwanza pande za Kinshasa na Brazzaville. Walikuwa wameingia kutoka Amerika ya Kusini bila adui wao wa asili, na ndani ya miaka michache walienea katika nchi nyingi za ukanda wa mihogo, vichwa vya mihogo vikifumbata na kudumaa. Kupiga dawa mashamba ya watu maskini kutoka pwani moja ya bara hadi nyingine hakukuwezekana. Wataalamu walirudi mdudu alikotoka, na mwaka 1981 wakampata Paraguay nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, ambaye hutaga ndani ya vidung'ata hao. Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, chini ya Mswisi Hans Herren, ilimzalisha na kumwachilia kuanzia mwaka huohuo, kisha nchi baada ya nchi. Mihogo ilipona kwa sehemu kubwa, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Sombe tunayokula leo inamdai nyigu yule zaidi ya dawa yoyote ya chupa.

Faida ya sabuni iko hapo pia. Humuua inayemgusa wakati ule tu. Nyigu atakayekuja kesho, jani likiwa limekauka, hadhuriki.

Mmea mpya na mmea uliokwisha

Wadudu wengi hawaruki kuja kwako; unawaleta mwenyewe. Mama mkwe amekupa kipando kizuri, rafiki ametoka Kamina au Bukama na kichaka cha rangi usiyokuwa nacho, nawe unakiweka palepale katikati ya vingine. Kitenge wiki mbili upande mwingine wa nyumba, geuza majani yake kila siku chache, kioshe kwa maji ya sabuni hata kama unaona kiko safi. Udongo wa kopo jipya, kama umetoka uani au jalalani, umwagie maji yanayochemka na uache upoe kabisa kabla ya kupanda. Kopo lenyewe lisuguliwe kwa sabuni.

Ukiwa na mimea mingi, kata kwanza sehemu zilizoshambuliwa zaidi. Ncha moja ya tawi yenye vidukari mia ni rahisi kuikata kuliko kuinyunyizia. Ulichokata usikitupe chini ya mmea wala kwenye rundo la mbolea. Kitie motoni.

Na kuna mmea ambao hauponi. Umenyunyiza mara tatu kwa mpango, umegusa kwa pamba, umebadilisha udongo, na bado shina limejaa magamba na majani mapya yanatoka yamejikunja. Ukiendelea kuuhurumia, utaambukiza mimea yote iliyo barzani. Chukua tawi moja safi kama lipo, lioshe vizuri kwa maji ya sabuni, lipande peke yake, na mmea wenyewe uuchome leo, kabla ya jioni.